Mwalimu Nadhira na Ndoo ya Jasi

Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Mguu Njiani, nalo lilimfikia masikioni kabla hajamaliza muhula wake wa kwanza. Hakulikasirikia. Nadhira Yunus alikuwa mtu asiyetulia tangu utotoni. Mama yake, katika nyumba yao ya mawe pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo, alimsuka nywele huku amembana kwa magoti mawili, maana akimwachia tu, nusu ya kichwa itabaki matimutimu hadi Ijumaa nyingine. Baba yake alikuwa na duka la misumari, pamba ya kukalafatia vyombo vya baharini na rangi ya mafuta. Ni katika duka hilo binti alipojifunza kuchora, kwa kidole, juu ya vumbi la kaunta, akifuta na kuanza upya kabla picha haijakamilika.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa, mwalimu wa sanaa na mkuu wa idara hiyo katika shule moja ya sekondari kandokando ya barabara iendayo Mbegani. Kidato cha nne chote kilikuwa na wanafunzi sita tu waliochagua somo lake. Aliwafundisha akitembea. Alianza sentensi mlangoni na kuimalizia dirishani, na katikati alikuwa ameshapita madawati matatu, amepindua karatasi moja, amemnyang'anya mtu penseli na kumrudishia.

"Samia, hilo si jicho, hilo ni samaki changu wa kukaanga. Jicho limeingia ndani ya fuvu. Jiguse mwenyewe uone!"

Rangi walizitengeneza kwa vilivyopatikana: bluu ya kufulia, manjano ya jikoni, makaa ya jiko la shule yaliyosagwa yakawa unga, na udongo mwekundu ambao mwanafunzi mmoja, Mwanamvua Bwanausi, aliubeba kutoka kwao Miono kila likizo ilipokwisha, kwenye mfuko uliokuwa wa sukari. Udongo wa kufinyangia waliuchimba wenyewe bwawani, nyuma ya minazi.

Huyo Mwanamvua alikaa bweni. Alikuwa mzito wa maneno, na vidole vyake havikuwa na papara. Wenzake walipokwisha kuanza kujenga sanamu zao, yeye alikuwa bado anakanda bonge lake kutoa hewa, analigeuza, analibonyeza, analisikiliza kama mtu anayepima tikiti sokoni. Nadhira alimpenda kwa hilo na hilohilo lilimtia kiherehere. Mara nyingi alisimama nyuma yake, akajizuia, akashindwa: "Mwanangu, mtihani una saa, hauna majira!" Mwanamvua alitabasamu na kuendelea vilevile. Kazi yake ndiyo iliyokuwa haipasuki ikichomwa.

Mwishoni mwa Agosti zilifika habari kwamba wadhibiti ubora wa elimu wangetembelea shule wiki iliyofuata. Wakati huohuo Nadhira alisikia kwamba mkuu wa shule, Mwalimu Mrisho, alikuwa akilikodolea macho darasa la sanaa. Maabara haikuwa na stoo. Wanafunzi sita, chumba kizima! Nadhira hakupata usingizi wa maana siku mbili. Akaamua kuwaonyesha hao wageni jambo ambalo halijaonekana katika shule yoyote ya pwani ile: mikono sita myeupe ya jasi, iliyotolewa kwenye mikono ya wanafunzi wenyewe, imesimama safu moja juu ya meza.

Alichagua mikono kwa sababu. Mwaka uliotangulia aliwafundisha vichwa, wakaja wazazi wawili kulalamika kwamba watoto wao wanafundishwa kuabudu masanamu. Nyumbani nako, kaka yake Muhammad aligoma kuswali sebuleni mpaka kichwa kimoja cha udongo kilipotolewa juu ya kabati. Mkono hauna macho wala mdomo, alijiambia Nadhira. Nani ataulalamikia mkono?

Jasi aliipata duka la vifaa vya ujenzi, ule unga mweupe ambao mafundi huuita jipsamu na huzibia maungio ya dari. Na njia ya kufanya aliijua. Hili ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba aliijua. Chuoni alifundishwa kwamba mkono wa mtu aliye hai haufukiwi kwenye jasi nzito. Hupakwa mafuta, halafu vipande vya kitambaa vilivyochovywa hupangwa juu yake tabaka jembamba baada ya jingine, upande mmoja kwanza, na kalibu, yaani lile ganda la kumiminia, huvuliwa mapema, kwa kuwa jasi inapokauka huchemka yenyewe. Lakini njia hiyo ilitaka siku mbili kwa kila mkono, na yeye alikuwa na siku nne kwa mikono sita.

Alhamisi asubuhi alikoroga jasi katika ndoo ndogo ya plastiki. Aliuliza nani ataanza. Mwanamvua akanyoosha mkono, labda kwa sababu yeye peke yake aliweza kukaa bila kutikisika. Akapakwa mafuta ya nazi hadi juu ya kiwiko, akautumbukiza mkono wa kulia, vidole vimekunjuka kidogo kama anapokea kitu.

"Tulia hivyohivyo," Nadhira alimwambia. "Ukihisi joto, ujue jasi inashika. Usitikisike hata kidogo, tukipata ufa tumeharibu."

"Sawa, mwalimu."

Hapo karani wa shule akachungulia mlangoni. Mkuu anamwita, mara moja. Nadhira alitazama ndoo, akatazama saa. Dakika mbili, alijiambia. Akatoka huku anajifuta mikono kwenye kanga.

Ofisini alimkuta Mwalimu Mrisho na fundi seremala, karatasi ya vipimo iko mezani. Walikuwa wameshapima rafu za stoo. Nadhira alisikia damu inampanda. Alisema, akajibiwa, akasema tena. Alitembea kutoka kona hadi kona ya ofisi ile, akaeleza juu ya wadhibiti ubora, juu ya mikono sita, juu ya mwanafunzi wake wa mwaka juzi aliyepata kazi ya kuchora vitabu vya watoto. Mkuu alimsikiliza, kidevu kimekaa kiganjani. Hakuna aliyetazama saa. Kisha, kupitia dirishani, Nadhira alimwona Samia anakatisha uwanja mbio, ushungi umemvuka na ameushika mkononi. Hakusubiri kuambiwa.

Mwanamvua alikuwa amekaa palepale alipomwacha. Machozi yalimtiririka na meno yalimgongana. Hakupiga kelele. Wenzake walikuwa wamemshika mabega, wamejaribu kuuvuta mkono, umekataa. Jasi ilikuwa jiwe. Nadhira aligusa ndoo kwa nje, akauondoa mkono wake haraka. Ilikuwa ya moto kama sufuria.

Aliyemwokoa binti yule alikuwa Bwanaheri, fundi mwashi aliyekuwa akipachika vigae kwenye vyoo vya wasichana. Alikuja na nyundo na patasi, akapiga goti, akaipasua plastiki ya ndoo kwanza.

"Binti, niangalie mimi usoni. Usiangalie nyundo."

Akagonga pembeni, polepole, kama anavunja nazi asiyotaka kumwaga maji yake. Nadhira alisema, "Fanya haraka, fundi, fanya haraka!" na Bwanaheri akamjibu bila kugeuka, "Nikifanya haraka nitamvunja vidole. Ondoka hapa, mwalimu." Jasi ikagawanyika. Mkono uliotoka ulikuwa mwekundu na umevimba, malengelenge yameshaanza kujaa maji, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimebadilika rangi kabisa.

Walimkimbiza hospitali kwa gari la mwalimu mmoja. Daktari alipomaliza kumfunga, alimvuta Nadhira ukumbini. "Mmewahi kwa nafasi ndogo sana," alisema. "Mngechelewa zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya kukata. Atapona. Vile viwili vitabaki vigumu, kwa muda gani sijui."

Nadhira aliingia wodini. Alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi, lakini Mwanamvua, mdomo umemkauka, alimtangulia.

"Mwalimu," alisema, "sikutikisika."

Ijumaa baada ya swala, Mwalimu Mrisho alimwita tena. Hakuwa mtu mbaya. Aliinuka akafunga mlango, akamsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilikuwa taarifa ya tukio, na mstari wa tatu ulisema kwamba mwanafunzi alitumbukiza mkono katika ndoo bila idhini, wakati mwalimu hayupo.

"Wakati mwalimu hayupo ni kweli," alisema Nadhira. "Hilo jingine si kweli."

"Mwalimu Nadhira, nina wanafunzi mia saba. Nikiandika ilivyo, wewe unaondoka na somo linakufa siku hiyohiyo. Nikiandika hivi, mtoto anatibiwa, anasamehewa, maisha yanaendelea. Weka saini tumalize."

Alishika kalamu, akaiweka chini. Akaishika tena. Akasimama, akasogea dirishani, akarudi. Alifikiri juu ya wanafunzi watano waliobaki na mtihani wa Novemba. Alifikiri kwamba Mwanamvua akiulizwa huenda asikanushe, kwa kumheshimu mwalimu wake, na hilo hakulikubali. Aliiacha karatasi juu ya meza bila saini na bila kuaga.

Jumamosi alfajiri alipanda basi hadi Msata, akaunganisha jingine hadi njia panda, akamalizia kwa bodaboda mpaka Miono. Shule ilikuwa imewapigia wazazi na kuwaambia kwamba binti ameumia mkono kidogo. Nadhira alitaka wasikie kwake yeye.

Alimkuta Bwanausi, baba yake Mwanamvua, nyuma ya nyumba, ametandaza turubai na anapiga ufuta. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati limefunguliwa vifungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu."

"Mimi ni mwalimu wa Mwanamvua. Wa sanaa."

Fimbo ilibaki hewani kidogo. Nadhira alisema yote amesimama, kwa pumzi moja, jasi, ndoo, joto, vidole viwili. Alipofika kwenye kuitwa na mkuu alianza kueleza habari ya stoo na rafu, na Bwanausi akamkatiza.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ofisini, baba, kwa sababu mkuu wa shule…"

"Sijauliza sababu. Nimeuliza ulikuwa wapi."

Nadhira alitazama chini. "Nilitoka. Nilimwacha na wenzake tu."

Kutoka ndani ya nyumba ilisikika sauti ya mwanamke anayelia kwa kujizuia. Alikuwa Mwanahija, mama yake binti, aliyekuwa akisikiliza kupitia dirisha la nyuma. Bwanausi alishika fungu jingine la ufuta, akaligeuza kichwa chini, akalipiga. Mbegu zilimwagika kama mvua ya manyunyu. Nadhira alihama mguu mmoja hadi mwingine. Alitaka kutukanwa. Alitaka afukuzwe, angalau aondoke.

"Kaa," alisema Bwanausi.

"Nashukuru, baba, nitasimama tu, sitakaa sana."

"Mwalimu, kaa. Umeniletea habari ya mwanangu umesimama kama askari mgambo."

Akakaa kwenye kigoda. Yule baba aliendelea kupiga ufuta mpaka mafungu yote yalipokwisha, na yalikuwa mengi. Jua lilipanda. Goti la Nadhira lilicheza lenyewe, akalishika kwa mikono miwili, likacheza ndani ya mikono. Hakuwahi katika maisha yake kukaa mahali muda mrefu kiasi kile bila kazi. Mwishowe Bwanausi aliikunja kona ya turubai.

"Jumatatu nakuja kumchukua," alisema.

Jumatatu alikuja kweli, amevaa kanzu na koti. Walikaa ofisini kwa mkuu watu wanne: Mwalimu Mrisho, Bwanausi, Nadhira, na Mwanamvua aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Kabla mkuu hajafungua mazungumzo, Nadhira alitoa karatasi mbili alizoziandika kwa mkono wake na kumkabidhi. Mrisho alisoma. Uso wake ulikunjamana, ukalegea, na mwisho ukabaki wa mtu aliyechoka.

"Umejiandikia mwenyewe barua ya adhabu," alisema.

"Nimeandika ilivyotokea, mkuu."

Bwanausi alimwambia binti yake akafunge sanduku. Mwanamvua hakuinuka.

"Baba, nimebakiza miezi miwili na kidogo."

"Na mkono huo utaandika nini?"

"Daktari kasema kidole gumba ni kizima. Kalamu nitaishika. Baba, nimesoma miaka minne." Hakuwahi kumjibu baba yake hivyo. "Usinitoe mwishoni."

Bwanausi akamgeukia Nadhira.

"Nikimwacha, akiwa darasani kwako hutoki. Hata aje waziri kukuita."

"Sitatoka, baba."

Wadhibiti ubora walikuja na kuondoka bila kuonyeshwa mkono hata mmoja wa jasi. Kisha adhabu ikaja, kutoka ngazi za juu. Barua ya onyo kali iliingia katika faili la Nadhira, akavuliwa ukuu wa idara, na darasa la sanaa likawa stoo ya maabara kama ilivyopimwa. Somo lenyewe liliponea chupuchupu, kwa kuwa watahiniwa walikwisha kusajiliwa na hakukuwa na wa kuwamalizia. Walihamia barazani nyuma ya jiko la shule, kati ya kuni na masufuria, moshi ukiwaliza macho.

Hapo ndipo Nadhira alipoanza kufundisha akiwa ameketi. Siku za kwanza zilikuwa adhabu kali kuliko ile barua. Alikaa kwenye benchi, na mwili mzima ukawasha. Alipoona Samia anakosea kivuli, miguu ilitangulia kuinuka kabla ya akili, akajirudisha. Alipomwona Mwanamvua anahangaika na udongo kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa na ncha za vidole ndizo zinazochungulia, alitaka kurukia lile bonge na kulifinyanga yeye. Mikono yake aliikalia. Aliiweka chini ya mapaja, akaikalia hasa, mpaka ikafa ganzi. Wanafunzi waliona, wakacheka, wakazoea.

Na kwa kukaa, aliona mambo yaliyokuwa mbele yake miaka yote. Samia hakuwa mzembe wa kivuli, ila kiganja chake kilifuta alichokichora, kwa sababu alianzia upande usiofaa. Ilichukua dakika moja kumrekebisha. Mwanamvua naye alikuwa ameacha kutumia vidole. Alisukuma udongo kwa kisigino cha kiganja cha kushoto, akaukandamiza kwa kiwiko, akakwaruza kwa kijiko cha uji. Kazi ilitoka nzito, yenye makunyanzi, haina ule ulaini wake wa zamani. Nadhira alitaka kusema kitu juu ya ulaini, akaisukuma mikono zaidi chini ya mapaja.

"Inauma?" aliuliza siku moja.

"Nikikunja tu."

"Unanichukia?"

Mwanamvua alifikiri kwa kasi yake ileile isiyo na haraka. "Siku za hospitali, kidogo," alisema. "Zaidi najichukia mimi. Niliona inachoma. Ningeita tu."

"Nilikuambia usitikisike."

"Uliniambia nisitikisike, mwalimu. Hukuniambia nisiite."

Jibu hilo Nadhira alitembea nalo siku nyingi.

Novemba ilifika. Siku ya mtihani wa vitendo, mwalimu wa somo haruhusiwi kukaribia chumba. Nadhira alizunguka uwanja wa mpira tangu saa mbili asubuhi. Alizunguka mpaka ukanda wa kiatu ukakatika, akavua vyote viwili, akaendelea pekupeku. Bwanaheri, aliyekuwa akipaka chokaa ukuta wa mbele, alimwita anywe maji, akayanywa huku anatembea. Hakujua hata swali lilikuwa nini.

Walitoka alasiri, nguo zimejaa udongo. Swali lilikuwa kufinyanga mtu aliyebeba mzigo. Kazi zilipoanza kupakiwa ndani ya maboksi yenye nyasi kavu, msimamizi alimruhusu azione kwa mbali. Ya Mwanamvua ilikuwa mwanamke mwenye mtumba kichwani. Shingo ilikuwa nene kupita kiasi, mkono mmoja ulikuwa mfupi, na upande wa kushoto ulijaa alama za kiganja ambazo hazikulainishwa. Makosa matatu, Nadhira aliyahesabu papo hapo. Lakini uzito wa ule mtumba ulionekana. Ulimshukia yule mwanamke kutoka utosini hadi magotini, ukamsukuma ardhini, na yeye kakataa kuanguka. Nadhira hakujua kama yeye mwenyewe angeweza kuutia udongo uzito namna ile. Boksi likafungwa.

Mwishoni mwa Januari matokeo yalitoka. Mwanamvua alipata C ya sanaa, na daraja la tatu kwa jumla. Nadhira alisoma orodha ile kwenye simu mara nne akisimama, akiketi, akisimama tena. Alitaka A. Alijiambia kwamba kwa mkono mzima ingekuwa A, kisha akajiambia kwamba hana hakika ya hilo, kisha akarudia la kwanza. Akampigia.

"Mwalimu, shikamoo! Umeona?" Sauti ilikuwa ya furaha, na nyuma yake mama mtu alikuwa akipiga vigelegele. "Baba kasema nikiombewa chuo cha ualimu niende."

"Marahaba. Nimeona. Hongera, mwanangu. Ila ile shingo, tungepata nafasi ya kuipunguza…"

Mwanamvua alicheka. Nadhira hakuwa amewahi kumsikia anacheka kwa sauti. "Mwalimu, nimefaulu. Sasa unataka nini tena?"

Nadhira aliulizia vidole, akaambiwa cha kati kinakunjika nusu, cha shahada bado. Alimwambia awe anakipasha maji ya vuguvugu kila asubuhi, ingawa alijua amekwisha kumwambia hivyo mara nyingi. Kisha akakata simu. Somo lilikuwa halijafutwa, na kidato cha tatu kilikuwa kimejipanga nyuma ya jiko, watu kumi na mmoja mwaka huu, wameshika ndoo na majembe. Jua la kaskazi lilikuwa limeanza kulikausha bwawa, na wasipochimba udongo kabla ya adhuhuri, utakuwa umeshikamana kama matofali. Nadhira aliwahesabu, akawahesabu tena, akasimama nyuma ya wa mwisho, akawaambia waende.